Mawe ya Msingi ya Kisiwa cha Mkiani

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ina sheria inayosema jina lake lisitajwe bila kutanguliwa na sifa zake kumi na mbili, nami nikizitaja zote karatasi itakwisha kabla ya hadithi. Itoshe kusema ni nchi iliyobarikiwa. Ina amani, ina utulivu, ina redio moja, na ina kiongozi anayeitwa Mtukufu Mlezi, ambaye kwa mwaka wa ishirini na sita sasa anajiandaa kustaafu.

Mwishoni kabisa mwa nchi hiyo, pale ambapo mchora ramani alikuwa akitafuta nafasi ya kueleza maana ya rangi zake, kuna kisiwa kiitwacho Mkiani. Kina watu mia tatu na kitu, msikiti, minazi, na kisima kimoja cha maji matamu. Visima vingine vilichimbwa. Kile cha mwisho kilitoa maji ambayo mbuzi aliyaonja, akainua kichwa, akamtazama aliyekichimba.

Kisima hicho kimoja kina desturi yake. Kila siku baada ya sala ya alfajiri wanawake hupanga foleni na ndoo zao za bati, na hakuna anayechota kabla ya Bi Kazija binti Ame. Yeye hutumbukiza ndoo ya kwanza, huchovya kata, hunywa, huyashikilia maji mdomoni kwa muda, kisha husema neno moja: "Tamu." Hapo ndipo kamba huanza kukimbia. Mama yake alifanya kazi hiyo, na nyanya yake kabla ya mama yake. Mwaka wa ukame mkubwa alisema "Subirini," watu wakasubiri siku tatu wakinywa madafu, wala hakuna aliyenung'unika. Ametoa neno hilo kwa miaka thelathini na moja, na halijawahi kuwa uongo hata siku moja. Nasikia mjini kuna watu wazima wanaolipwa kusema maneno mengi zaidi kwa matokeo haba zaidi, lakini hayo ni ya kusikia.

Bi Kazija alipoanza kazi, kutoka ukingoni mwa kisima mpaka pale maji ya bahari yanapoishia kujaa palikuwa na hatua mia na kumi. Hatua zenyewe ni zake, na yeye ni mfupi. Mwaka hadithi hii inapoanza zilikuwa zimebaki arobaini na moja. Kila mtu Mkiani alijua hesabu hiyo kama anavyojua umri wa watoto wake, kwa sababu siku bahari itakapoingia kisimani, kisiwa kitakuwa kimekwisha. Hakuna atakayezama. Watakuwa tu na kiu, halafu wataondoka.

*

Bi Kazija aliandikisha barua. Akaomba ukuta. Barua ikaenda kwa Wizara ya Fukwe, Sherehe na Mambo Yanayofanana na Hayo, na baada ya miezi minane akaja mtaalamu, amevaa viatu vya ngozi, amebeba ramani ndani ya bomba.

"Bibi," akauliza mtaalamu, "hapa tuliposimama ni wapi?"

"Ufukweni, baba."

"Sivyo. Kwa mujibu wa ramani, hapa ni katikati ya shamba la minazi la Bwana Ame Khatibu."

"Huyo ni baba yangu. Shamba lake ni lile." Bi Kazija akaonyesha baharini, ambako visiki viwili vilikuwa vikichungulia kati ya wimbi na wimbi.

Mtaalamu akaitazama bahari, akaitazama ramani. Ramani ilikuwa na muhuri, bahari haikuwa nao. Akaamua hapohapo kwamba bahari imevuka mpaka bila kibali. Akaandika hati ya wito, akaigongomea kwenye mti wa mkandaa pale maji yanapofika, akiitaka bahari ifike ofisi ya wilaya ndani ya siku kumi na nne ikiwa na vielelezo vyake vyote. Siku ya tatu bahari ikaondoka na mti pamoja na hati. Kwenye jalada mtaalamu akaandika: *Mlalamikiwa amepokea wito.* Siku ya kumi na tano akaandika: *Hakutokea.*

Kwa hiyo watu wa Mkiani walishinda kesi. Waliletewa cheti. Siku kilipofika, Bi Kazija alipima akakuta thelathini na tatu.

*

Lazima nieleze jambo moja kuhusu nchi hiyo, maana msomaji wangu anatoka kwenye nchi iliyostaarabika na huenda asielewe. Huko, kila mradi huanza kwa jiwe la msingi, na miradi mingi ina adabu, haiendelei kupita hapo. Kuna sheria kabisa, Sheria ya Mawe. Jiwe la diwani halitazidi ukubwa wa tofali. La mbunge liwe kama kibao cha mbuzi, la naibu waziri kama gunia la unga, la waziri kama kasha la nguo. La Mtukufu Mlezi liwe kama kitanda cha watu wawili, lichongwe kwa mwamba wa bara, jina liandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka angani, ili Mwenyezi Mungu asipate taabu.

Ushindi wa kesi ulihitaji kusherehekewa, kwa hiyo Mtukufu alikuja mwenyewe. Jiwe lake lililetwa kwa tishari lenye winchi. Fikirini, mtangazaji wa Sauti ya Utulivu, aliyezaliwa palepale Mkiani na kunyonya maji ya kisima hicho pamoja na maziwa ya mama yake Bi Mize, alitangaza moja kwa moja, sauti ikimtetemeka kwa uzalendo.

"Nasema na bahari," alihutubia Mtukufu. "Nasema nayo kwa upole wa mlezi. Tumekuvumilia. Wengine wangekuchukulia hatua. Lakini uvumilivu wa taifa hili una ufuko, na ufuko huo ni huu hapa."

Watu wakapiga makofi. Jiwe likabaki mchangani. Mwaka uliofuata akaja waziri kuweka jiwe la awamu ya pili, maana awamu ya kwanza, ambayo ilikuwa ni lile jiwe, ilikuwa imekamilika kwa asilimia mia. Kisha akaja naibu wake kuweka jiwe la kuthibitisha dhamira. Hatua zikawa ishirini na nne.

Siku moja Bi Kazija alimkuta Fundi Vuai, mdogo wa marehemu mumewe, amekaa juu ya jiwe la naibu waziri akila muhogo.

"Ondoka juu ya jina la mtu, shemeji."

"Mimi nimekalia jiwe. Kama jina linaumia, liseme." Fundi Vuai alilipiga kofi lile jiwe kama mtu anayesifia ng'ombe. "Zuri hili. Halina ufa hata mmoja. Nipate mia na ushei ya haya, nakujengea ukuta hata bahari ipige hodi kabla ya kuingia."

"Tunayo mangapi?"

"Matatu. Na wewe una tamaa kama bibi harusi."

Bi Kazija hakucheka. "Hawa watu wanapenda kuja huku, au hawapendi?"

"Wanapenda kuliko wanavyopenda makwao."

"Na jiwe la msingi la ukuta, kwa ufundi wenu nyinyi, hukaa wapi?"

"Msingini mwa ukuta. Lingekaa wapi, darini?"

"Basi anza kuchimba."

*

Nani katika nchi hiyo aliyewahi kualikwa kuweka jiwe akakataa? Barua za Mkiani zikaanza kutoka kila wiki. Walimwalika mbunge kuweka jiwe la kukumbuka jiwe la waziri. Walimwalika mpinzani wake kuweka jiwe la kulaani jiwe la mbunge, naye akaja na kubwa zaidi ya kiwango, akatozwa faini kwa furaha. Akaja mkurugenzi wa hali ya hewa. Wakaja majaji saba kwa boti moja, kila mmoja na lake, wakagombana nani aanze. Akaja mwenyekiti wa chama cha wacheza bao, mke wa mkuu wa magereza, na mabingwa wa taifa wa kuvuta kamba, ambao walikuwa watu wa kwanza kulibeba jiwe lao wenyewe. Mwezi ambao hapakuwa na mgeni, Bi Kazija alitafuta sikukuu. Isipokuwapo, aliibuni, na hakuna ofisi iliyowahi kuuliza Siku ya Kitaifa ya Kokoto inaadhimishwa tangu lini.

Wanawake walipika wali wa nazi na pweza, wakaimba, wakatandaza kanga mpya njiani. Boti ya wageni ikishatoweka, ngoma ilikoma kama imekatwa kwa kisu. Magogo ya minazi yalitandikwa, mitaimbo ikaingia, na maji yalipokupwa jiwe liliviringishwa mpaka mahali ambapo Fundi Vuai alikuwa amekwisha kulipimia. Jiwe la Mtukufu lilikuwa limewachukua siku nne. Fundi alikuwa amelilaza chini kabisa, kwenye kona inayopigwa zaidi na mawimbi, mkabala na kisima. Juu yake mawaziri na manaibu, kisha wabunge, majaji, na madiwani wakaziba mianya. Hapakuwa na siasa ndani yake. Kubwa huenda chini, dogo huenda juu. Mwulize fundi yeyote.

Ilichukua miaka miwili na mawe mia na arobaini na sita. Bahari ilikuja na bamvua la kwanza, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, ikaugonga ukuta, ikarudi. Ikaja na la pili. Bi Kazija alipima: kumi na tisa. Mwezi uliofuata, kumi na tisa. Mwaka ukapita, kumi na tisa. Asubuhi moja alipima akapata ishirini. Mchanga ulikuwa umeanza kurudi. Akarudia mara tatu, akivuta hatua fupi makusudi ili asijidanganye. Ishirini. Hakumwambia mtu. Alikwenda kukaa ukingoni mwa kisima, akajifunika uso kwa mtandio, na wanawake kwenye foleni wakageuka kutazama upande mwingine.

*

Balaa huletwa na sifa. Wageni kutoka nchi za nje walikuwa wakija mjini kwa mkutano wa kuokoa fukwe, wakauliza kama wangeweza kuonyeshwa ukuta mmoja tu. Wizara ilikuwa na kuta mia mbili kwenye vitabu. Ikatafuta zaidi, na kwa mshangao wa kila mtu ukapatikana mmoja uliokuwa kwenye ardhi. Sauti ya Utulivu ikatangaza kwamba Mtukufu Mlezi, baada ya kuujenga ukuta wa Mkiani kwa mikono yake, atakwenda kuufungua.

Wiki moja kabla, akafika Bwana Telesfori Mashimba, Afisa Mkuu wa Itifaki, mtu msafi mwenye sauti ndogo. Alitembea chini ya ukuta wakati maji yamekupwa, akisoma majina na kupiga tiki. Alipofika kwenye kona akasimama. Akachuchumaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Fundi, hili ni jina la nani?"

"La Mtukufu Mlezi."

"Na hili lililo juu yake?"

"La naibu waziri. Yule wa kwanza."

"Yule aliyeko gerezani."

"Hayo mimi sijui. Mimi namjua kwa jiwe."

Bwana Telesfori alizungumza polepole, kama daktari. "Kwa hiyo mfungwa amemkalia Mtukufu Mlezi. Na juu ya mfungwa kuna mpinzani. Na juu ya wote," alikaza macho, "mwenyekiti wa wacheza bao."

"Kubwa huenda chini, bwana mkubwa. Huyo Mtukufu ndiye aliyeubeba ukuta wote. Ukimtoa hapo, unaporomoka."

"Mtukufu habebi watu. Watu humbeba yeye. Litolewe, liwekwe juu."

Bi Kazija, aliyekuwa amesimama pembeni na kata yake mkononi, akauliza kama jina lile haliwezi kupakwa chokaa kidogo.

"Unasema tufute jina la Mtukufu?"

"Basi tuufunike kwa mchanga ule upande wake."

"Unasema tumzike?"

"Mwanangu, basi si mseme tu kwamba ukuta huu unahesabiwa kuanzia chini? Wa chini awe ndiye wa juu?"

"Bibi." Bwana Telesfori alitazama nyuma yake. "Hilo la kupindua mambo usilitamke tena mbele yangu. Nina familia."

"Bamvua kubwa ni Alhamisi," Bi Kazija akasema. "Sherehe yenu ni Alhamisi. Ngojeni siku saba, maji mafu yaingie, bahari ipungue nguvu. Litoeni siku hiyo, mfungue ukuta wenu, mpige picha, kisha Vuai alirudishe. Siku saba tu."

"Tarehe imekwisha kuchapwa kwenye fulana," akasema Bwana Telesfori, na nadhani alihuzunika kweli.

Jumanne tishari likarudi na winchi yake. Lilileta pia mifuko themanini ya saruji, ya kujengea jukwaa kando ya kisima ambapo jiwe la Mtukufu lingesimama juu ya kila kitu kisiwani, pamoja na mnara wa msikiti. Jiwe liliponyofolewa, ukuta ulitoa mlio mfupi, kisha ukanyamaza. Fundi Vuai aliomba mifuko kumi azibe pengo.

"Hii imeandikwa *ya jukwaa*," akajibiwa.

Akaziba kwa magogo ya minazi na mawe ya matumbawe, akifanya kazi na maji kiunoni, na wanawake wakimpokeza kwa mstari. Alipotoka majini Jumatano jioni viganja vyake vilikuwa vimechubuka vyote. "Shemeji," alimwambia Bi Kazija, "nimeziba jino kwa makombo ya wali."

*

Alhamisi, saa tisa na nusu mchana, Mtukufu Mlezi alipanda jukwaani. Itifaki ilikuwa imepanga atazame bahari, ili picha ipendeze, na hadhira imtazame yeye. Kumpa Mtukufu kisogo ni kosa. Kwa hiyo watu mia tatu, mawaziri, na wageni kutoka nchi za nje waliipa bahari migongo, wote wamevaa fulana, na mtu pekee aliyeweza kuona kinachokuja alikuwa ndiye pekee ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza.

Hotuba ilikuwa ya kurasa arobaini na nne. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa magogo yaling'oka. Kwenye ukurasa wa ishirini na mbili naibu waziri aliyeko gerezani akaporomoka, na mpinzani akamfuata, na majaji wote saba kwa pamoja, kwa mara ya kwanza bila kugombana. Watu walisikia. Niliambiwa ungeweza kuona shingo zao zikitaka kugeuka. Waziri wa Fukwe alisikia maji ndani ya viatu vyake, akaanza kupiga makofi ili kuonyesha kwamba hajasikia kitu.

Aliyegeuka alikuwa mmoja. Bi Kazija alimpa Mtukufu kisogo, akaitazama bahari, akapandisha kanga yake, akakimbilia kisimani na kuanza kujaza mchanga ukingoni kwa kata. Kwa kata, ndugu msomaji. Askari mmoja akaandika jina lake kwenye daftari, na ukurasa ukamlowania.

Mtukufu alimaliza akiwa mabegani mwa walinzi wawili, maana itifaki haina kifungu cha kukatisha. Kwenye redio Fikirini alisema, "Na bahari nayo, ndugu wasikilizaji, imefika kumlaki Mtukufu." Helikopta ikaondoka. Maji yakapita juu ya ukingo wa kisima kwa wepesi, kama mtu anayeingia kwake.

*

Asubuhi ya Ijumaa foleni ilipangwa kama kawaida. Hakuna aliyewaita. Bwana Telesfori alikuwa bado yupo, suruali imekunjwa mpaka magotini, kwa sababu wale wageni walikuwa wameanza kuandika mambo magazetini kwao, na mjini walitaka sauti ya mwananchi. Alikuwa amesikia kuhusu desturi ya kisima. Akamleta Fikirini na kipaza sauti.

"Shikamoo, Bi Kazija," akasema Fikirini.

"Marahaba. Mama yako yule pale mbele ya foleni. Umemwamkia?"

Fikirini akamwamkia mama yake. Bi Mize akaitikia, akitazama ndoo.

"Tunahitaji neno moja tu, bibi," akasema Bwana Telesfori kwa sauti yake ndogo. "Lilelile la kila siku. Jina lako lililoandikwa jana litafutwa."

Bi Kazija alitumbukiza ndoo. Akaivuta. Akachovya kata, akanywa, akayashikilia maji mdomoni. Aliyashikilia kwa muda mrefu kuliko siku yoyote katika ile miaka thelathini na moja. Kisha akageuza uso pembeni, akayatema taratibu mchangani, akachovya tena, akampa Fikirini kata.

"Umelelewa na maji haya," alimwambia. "Sema wewe."

Fikirini akanywa. Niseme haki yake: aliyameza. Macho yalimjaa machozi. Akamtazama Bwana Telesfori, aliyekuwa akimtazama yeye. Mama yake hakumtazama kabisa. Akainua kipaza sauti.

"Tamu," akasema.

Nchi nzima ililisikia. Bado hulirudia kila Ijumaa kabla ya taarifa ya habari, na ukiwa na redio nzuri, tega sikio kwenye ukimya unaofuata neno hilo. Kuna mlio mdogo wa bati, kisha mwingine, kisha mingi. Ni Bi Mize akiondoka na ndoo tupu, na foleni yote ikimfuata.